Wanaokimbia Maji

Nzuguni, bomba limekauka siku ya nne,
nami nasomea mtihani habari za wanaokimbia maji:
leusini, valini, fenilalanini,
minyororo ya pembeni yenye tabia ya mafuta,
inayojisukuma ndani, ikivuta uzi wote
mpaka protini ijikunje, ipate umbo, ipate kazi.
Wapenda maji hubaki nje, mlangoni.

Ndahani amelala. Magoti yanamwaka moto.
Kwenye damu yake, nafasi ya sita,
ilipaswa kukaa glutamati, mpenda maji.
Amekaa valini. Nje, hana pa kujificha,
basi anamng'ang'ania jirani, jirani naye jirani yake,
hadi chembe nzima inapinda,
mundu pasipo mtama wa kuvuna.

Kosa moja tu, alisema mhadhiri, akafuta ubao.

Ndoo imebaki na kikombe kimoja.
Nampa mdogo wangu. Anakunywa chote.