Daftari la Magamba

Kobe kumi na wanne.
Sita waliletwa na polisi wa reli, kwenye ndoo za mafuta ya kula,
walikutwa nyuma ya magunia ya vitunguu.
Waliobaki walikuja mmoja mmoja,
kama wajavyo wagonjwa wote hapa Kizota.
Kalamu nyeusi imeganda kwa vumbi. Naandika kwa nyekundu.

Wa kwanza: gamba limetobolewa ukingoni,
tundu la waya, kama sikio la mbuzi wa mnada.
Alifungwa kwenye mguu wa meza huko Chang'ombe,
miaka mingapi, mwenyewe hasemi.
Nimekamua usaha, nimepaka iodini.
Alinichungulia kama mdeni apitaye mbele ya duka.

Wa pili amepakwa rangi ya mlango. Bluu.
Siku tatu nakwangua kwa kijiko cha mti,
chini ya bluu kuna kijani,
chini ya kijani, maandishi: NYEMO, DARASA LA TANO.
Nyemo, popote ulipo,
rangi yako ilimfungia jua nje.
Mwandiko, lakini, ni mzuri.

Wa tatu, vichuguu kumi na vitatu mgongoni,
kila kipande kimejivuta juu kivyake.
Mama aliyemleta alimbeba kwa kanga, akilia:
"Alikula tulichokula. Ugali, mkate wa chai."
Ndiyo, mama. Ndicho kilichompanda mgongoni.
Sikusema.
Niliandika: nyasi, majani ya mlenda, asipewe unga.

Wa tisa alipitiwa na moto wa mashamba, Bahi.
Gamba linabanduka kama rangi ya basi bovu,
na chini yake mfupa mpya unakuja
bila haraka ya mtu anayedaiwa kodi.

Sasa huyu wa kumi na nne.
Bapa. Laini. Ukimbonyeza tumbo, linabonyea.
Niliandika kwa herufi kubwa: GAMBA LIMEOZA.
Nikasaga maganda ya mayai ya Mama Sembuche,
nikamwanika asubuhi, nikamwanika jioni,
wiki tano, kila siku kidole gumba tumboni,
kila siku tumbo linaingia ndani.
Usiku upepo ukitikisa mabati
nalala macho, nawaza: huyu ananifia.

Jana Swedi Isere, fundi bomba, mtu wa Kolo,
alikuja kuziba tangi.
Akachungulia bandani, akacheka mpaka spana ikamdondoka.
"Nani kakwambia anaumwa? Huyu ni wa mawe!
Kwetu ukimkaribia anakimbia. Kobe, nakwambia, anakimbia!
Anaingia kwenye ufa wa jabali, anajibana,
humtoi hata kwa mtaimbo.
Angekuwa na gamba gumu angekwama mlangoni."

Nikabaki nimesimama na bakuli la unga wa mayai.
Wiki tano namtibu alivyoumbwa.

Tumeegemeza mawe mawili, moja juu ya jingine.
Kabla sijanyoosha mgongo alishapotea,
zilibaki kucha tu, zikikwaruza gizani.

Nimekata mstari kwa wino uleule.
Badala yake sijaandika kitu.
Swedi aliposhika ukurasa aliacha dole la grisi,
basi, lisomeke hilo.

Wa kwanza: leo tundu limekauka.