Kilo Ishirini na Tatu

Mizani tumeazima kwa Shemdolwa wa vyuma chakavu,
Barabara ya Kumi na Mbili.
Ndoana yake imezoea injini zilizokufa;
leo inaning'iniza sanduku la Zuena,
na mshale unatetemeka kama mtu anayetafuta neno.

Ishirini na sita na nusu.
Toa.

Toeni mbuzi, nasema.
Mama mkwe ameiviringisha kanga mbili, kaisindika chini kabisa.
"Mtakunia nini nazi?"
"Nazi hazipo huko, mama."
Kimya. Kisha: "Basi mtaungia nini?"
Na Hoza, miaka saba, mwenye jibu la kila kitu:
"Uwanjani watauliza kama tuna mnyama.
Tutasema yupo mmoja, hali, halii, ila ana meno."
Tukacheka mpaka mshale ukatulia.
Mbuzi ikarudi jikoni.

Mwaka mmoja tu.
Mwanaidi anakwenda kusomea watoto njiti,
wale wa Bombo ambao kiganja kimoja huwatosha,
kwenye mji uitwao Tampere,
jina ambalo kinyozi wangu hulitamka kama dawa ya minyoo.
Kinyozi huyohuyo aliniuliza:
"Yaani wewe ndiye unayemfuata mkeo?"
Nikasema ndiyo.
Wembe ukiwa shingoni mtu husema kweli.

Kadi za homa ya manjano tumepata.
Zuena hakulia; mimi ndiye niliyegeuza uso.
Picha za pasi, Hoza alikatazwa kucheka mara nne.
Makoti tulichambua Mgandini, rundo la elfu nane,
na mfukoni mwa langu nikakuta tiketi ya basi
la mji nisioujua, na karatasi ya pipi.
Koti hili liliingia Tanga bila viza.
Sasa linarudi kwao, nasi tumelishika mkia.
Tuliyajaribu sebuleni, adhuhuri, umeme umekatika,
jasho likatutoka kama tumeiba.

Usiku mama mkwe akauliza habari za jua.
Zuena amesoma: Desemba linazama saa tisa.
"Saa tisa ya alasiri?"
"Hiyohiyo, bibi."
Akasogeza punje za tasbihi, moja, mbili.
"Na magharibi mtaiweka wapi?"
Hakuna aliyejibu. Hata Hoza.

Ufunguo atashika Bi Mgeni, jirani,
aliyezaliwa chumba kile na hajalala hata Pangani.
Mgeni anabaki;
sisi wenyeji ndio tunaokwenda kuitwa wageni.
Nimemwandikia: bomba la uani hufungwa kwa kushoto.
Paka hali dagaa wa juzi.
Dawa ya presha ya mama ni ile nyeupe, asubuhi,
na akisema amekunywa, hesabu vidonge.
Piga simu wakati wowote. Saa zao na zetu karibu ni zilezile,
ni jua tu lisiloelewana.

Kibanda changu nimekifunga.
Mji huu una baiskeli kuliko milango,
na wateja wananiaga kwa lawama:
nani atanyoosha rimu, nani atajua ile breki yangu?
Pampu na minyororo nimempa Kiluwasha, mwanafunzi wangu,
aliyeshukuru haraka mno.

Pima tena.
Unga wa muhogo utoke. Albamu itoke, picha tatu zibaki.
Viatu vya Zuena vya harusi ya shangazi
vitoke, vibaki, vitoke.
Ishirini na mbili na nusu.

Nusu kilo imebaki tupu, na kila mtu anaitazama
kama mnofu wa mwisho kwenye sinia.
Nikachomoa mfukoni spana namba kumi na tano,
imeng'aa kwa kiganja changu miaka kumi na mitatu,
nikaivisha soksi ya sufu, moja ya zile mpya.
"Huko kuna baiskeli?" akauliza Mwanaidi.
"Sijui," nikasema.
Mshale ukapanda kidogo, ukasimama.

Nje Shemdolwa anabisha hodi,
anataka mizani yake.