Mara Mia Mbili

Juu ya paa nimefunga mpira wa baiskeli
kwenye nguzo ya tangi la maji.
Saa kumi na moja alfajiri, Sohar haijapumua bado,
joto limelala nasi usiku kucha kama mgeni asiyeaga.
Navuta, nageuka, naingia, natoka.
Thelathini na moja. Thelathini na mbili.
Mpira hautupiki.
Naingia tu mlango ule ule na kutoka,
mpaka nyayo ziache kuniuliza ziende wapi.

Mama yuko ngazini na birika la chai ya tangawizi:
"Wewe Salha, mpira huo umekukosea nini?"
Simjibu. Pumzi zote nimezikopesha hesabu.
Sitini na nane.

Mwezi wa Rajabu, nilipoanza,
ngazi za hospitali zilinishinda ghorofa ya pili;
nilijifanya nasoma tangazo la kunawa mikono
ili moyo unifikie.

Mwalimu Nargiza katoka Bukhara,
Kiarabu chake cha kuokoteza,
lakini neno moja analijua barabara: tena.
Aniambia: wewe unanyanyua. Usinyanyue.
Mvunjie kwanza mizani.
Nikacheka peke yangu.
Babu yangu kule Chake alihesabu mizani kwa vidole,
na shairi lililopunguka aliliita guni.
Basi mwereka wangu ni guni:
mkono upo, shingo imekaza,
nyonga imechelewa mizani moja,
na Shinuna, kilo themanini na mbili, mwalimu wa hesabu,
amesimama pale pale,
ananiuliza kama nimeshaanza.

Jumanne usiku, kitanda namba tisa,
bibi mmoja wa Liwa alitaka kukaa.
Sikufikiri.
Magoti yalikunja, nyonga ikashuka chini ya uzito wake,
akaja juu yangu mwepesi
kama shuka iliyoanuliwa.
"Mto," alisema, "uweke huku."
Nami nimesimama na mto mkononi
nahesabu kinyumenyume:
kipi kilitangulia?

Leo Jumamosi, ukumbini,
mikeka ya kijani inanuka jasho na dawa ya sakafu.
Nimeshika ukosi wa Shinuna.
Nikamvuta mbele, kidogo,
kama mtu mwenye siri ya kunong'ona.
Akaja.
Nikashuka.

Hakuruka. Kile kishindo nilichokiota
hakikutoka mkekani.
Ila kisigino chake cha kushoto kilinyanyuka,
nafasi ya kupita karatasi,
na sote wawili tulikiangalia.

Mwalimu Nargiza hakupiga makofi.
Alisema lile neno lake.

Kesho alfajiri mpira upo, nguzo ipo.
Mama kasema atanihesabia yeye,
akae na kikombe chake penye upepo wa feni,
kwa sharti moja:
nisimwibie hata mara moja.