Farumi

Stesheni ya Porth Gwylan haikukaa juu ya ardhi ya Wales.
Ng'oa mbao za ukumbi wa abiria, chimba kidogo,
utakuta gumegume la Hamburg, changarawe ya Cádiz,
na mchanga mwekundu wa bandari ambayo hakuna aliyeandika jina lake.

Merikebu zetu ziliondoka zimeshiba sleti,
mapaa ya miji ya watu yamepangwa tumboni kama vitabu,
zikarudi na njaa.
Na merikebu yenye njaa hupinduka.
Basi walizishindilia mawe ya ugenini,
wakaja kuyamwaga hapa, kando ya gati,
hadi bahari ikajisogeza.

Bibi yangu, Lowri Prydderch, alikuwa na hisa mbili
kati ya sitini na nne za merikebu *Morfudd*.
Mchungaji alikuwa nazo nne, muuza vitambaa tano.
Zake, alisema, ni mlango wa jiko na nusu ya usukani.

Siku reli kubwa ilipofika, watoto walipewa mkate wa zabibu.
Nahodha Ithel, babu yangu, alipiga makofi hadi viganja vikawasha.
Kesho yake sleti zilipita bandarini bila kushuka.

Mwaka wa tatu *Morfudd* ikauzwa kuni,
isipokuwa mlingoti: huo kampuni ya reli iliununua,
ikausimika penye kona, ikaufunga mkono mwekundu.
Ukinyooka, simama. Ukiinama, pita.
Na babu akaajiriwa kuuvuta kwa waya,
yeye aliyezoea kuuamrisha kwa sauti.
Mvua ikinyesha, alisema, bado unanuka lami na chumvi.

Saa ya ukutani ililetwa ndani ya sanduku kutoka London.
Kabla yake mji ulikuwa na saa moja, maji,
na maji hayaji kesho kwa wakati wa leo.
Bibi hakubadili. Treni ya saa nne na dakika kumi
aliiendea maji yakijaa.
Mara moja moja aliiwahi.
Akiikosa, hakununa: "Imekupwa. Itajaa."

Hisa zake mbili zilimlipa shilingi kumi na moja.
Alinunua tiketi ya kwenda tu, hadi mwisho wa reli.

Ninayo. Haijatobolewa.
Usiku wa bamvua maji hupenya chini ya jukwaa,
nami, nikingoja treni iliyochelewa,
huyasikia mawe yakigongana,
yakisemezana, sijui kwa lugha gani.