Mstari wa Pili

Agosti, Bongo, kaskazini ya Ghana.
Uwele umesimama hadi mabegani,
na kati ya majabali ya itale maji yametuama
kama macho ya mtu asiyelala.
Benchi la zahanati limejaa kabla ya saa moja.

Nahesabu. Ndiyo kazi yangu, kuhesabu.
Damu juu ya kioo, rangi ya zambarau, darubini,
kidole gumba juu ya kihesabio: ta, ta, ta.
Atampugre, miaka mitano: vimelea elfu themanini
katika tone lisilotosha kumshibisha mbu.
Huyo hapo nje, anamkimbiza kanga wa mlinzi.

Awinpoka, miaka miwili na nusu: elfu nne tu.
Amekunywa uji. Amecheka nilipopiga chafya.
Mama yake, Akolpoka, anasuka huku akisubiri,
unyasi mdomoni, nusu ya kikapu mapajani;
kesho siku ya soko,
na mwenye oda haongezi siku.

Dalili ya mvua ni mawingu, twasema.
Mimi nimeona mvua isiyotuma wingu.

Mwaka wa kwanza wa utafiti tuliigandisha damu,
nyuzi themanini chini ya sifuri,
tukaibandika namba, ikapanda ndege.
Majibu yalirudi Novemba, uwele umeshavunwa.
Namba mia na kumi na saba: kiwango cha juu kuliko vyote.
Nikafungua daftari nitafute jina.
Nilikuwa nalijua jina.
Damu ilikuwa imesema tangu Agosti,
sisi tukaipeleka ng'ambo kutafuta mkalimani.

Sasa kuna hiki kijiti, urefu wa kidole cha shahada.
Hakihesabu vimelea.
Hakiulizi maadui ni wangapi, kinauliza nyumba ina hali gani.
Kuta za mishipa zikichubuliwa humwaga protini,
kama plasta inavyodondoka usiku
kabla ya ukuta wenyewe kuanguka.
Ina jina refu; mimi naiita vumbi la ukuta.
Na kuna nyumba hubomolewa na wageni elfu nne,
na nyumba nyingine themanini elfu wanacheza ngoma ndani
na paa halitikisiki.
Kwa nini, usiniulize. Bado tunatafuta.

Dakika kumi. Mstari wa kwanza,
ule wa kusema tu kwamba kipimo kizima.
Kisha, kwa Awinpoka, wa pili,
mwekundu kama kola iliyotafunwa.

Namwambia mama: leo mtalala hapa.
"Nani kasema?"
Damu yake.
"Damu haina mdomo. Mtoto mwenyewe anacheka."
Najua.
"Yule wa kanga mmempa vidonge aende zake."
Najua.
Akanitazama kama anayepima bei.
Akauma unyasi. Akaketi.

Sindano saa nne asubuhi, sindano saa nne usiku.
Muuguzi Ayamga na tochi yake,
ncha ya kidole ikitobolewa tena na tena.
Zamu yangu iliisha; nikapata visingizio vya kubaki,
nikasafisha darubini iliyokwisha safishwa.
Saa nane usiku nyayo zake zikapoa,
sukari ikaanza kuteremka ngazi.
Dripu ilikuwa tayari mkononi mwake. Tukaidaka.
Huenda ingepanda yenyewe.
Mama alikuwa amelala mkekani, kikapu kimemfunika uso.

Siku ya tatu wakafungasha.
Awinpoka mgongoni, anavuta sikio la mama yake.
Kikapu kimekamilika, mpini umeshonewa ngozi,
na mnunuzi amekwisha rudi Kumasi.

"Umenipotezea soko," akasema Akolpoka,
"na hakuna kilichotokea."

Hakuna kilichotokea.
Nimeandika hivyo hivyo katika fomu,
kwenye kisanduku cha matokeo,
kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.