Wachukuzi

Mwezi wa pili, Nizwa. Baridi bado imo katika kuta za udongo.
Ami Thuwaini kapasua karara la mtende dume,
kalikung'uta, unga ukamganda ndevuni,
kisha kampanda jike, kamba kiunoni,
akachomeka vijiti vitatu vya maua katikati ya kichala.
Vitatu, si vinne. Hilo halijadiliwi.

Mimi chini, naomba chavua kidogo.
"Ya kazi gani?"
"Ya kutazama."
Akanimiminia kwenye kifuniko cha kopo la kahawa
kama mtu ampaye mtoto sukari.

Saa tisa za usiku, jicho kwenye hadubini:
punje moja imetoa kidole.
Mrija. Unakwenda, unasita,
unakwenda.

Humo ndani hajalala mtu.
Nyuzi za aktini zimetandazwa kwa urefu,
na juu yake miosini, mahamali wa miguu miwili,
kila mmoja na kifurushi chake,
hatua, hatua, wakifuata ukingo hadi nchani.
Huko wanatua: ukuta mpya, utando mpya,
na ncha inasogea, chini ya upana wa unywele.
Mkondo unageuka, unarudi kwa katikati
kama maji ya falaji yaliyokuta shamba limeshiba.

Nyuma yao, mabwana harusi wawili.
Hawana mkia, hawajui kuogelea.
Wanabebwa
njia yote hadi kwenye yai.

Nikatia tone la dawa ikatayo nyuzi.
Nilijua litakalotokea, niliandika mwenyewe kwenye fomu.
Mzigo upo, mchukuzi yupo,
njia hapana.
Mrija ukasimama, na bwana harusi
akabaki mlangoni mwa nyumba asiyoijua.
Niliandika saa. Nikaandika tena, mkono haukuandika vizuri.

Asubuhi Ami yuko chini ya mtende wa saba,
anajisugua magoti.
"Haya, Zeyana, umeona nini?"
Nikamweleza mahamali, nyuzi, tone la dawa.
Hakucheka. Aliutazama mti kutoka shina hadi kilele,
akatazama magoti yake,
akaifungua kamba kiunoni
akanifunga mimi, akakaza fundo mara mbili.

"Vitatu," akasema.