Kiinua Mgongo

Kila usiku Orvilla hutandaza ramani ya Montana mezani,
miwani puani, penseli kaichomeka sikioni.
Mji huu una ziwa, ila kodi yake
itaiguguna pensheni hadi mfupani.
Ule una njia za milimani, hospitali mwendo wa saa mbili,
na moyo wangu, asema, haupangi foleni.

Mimi nilisambaza barua Toledo miaka thelathini na mmoja.
Magoti yangu yanajua bei ya kila ngazi.
Kiinua mgongo nilichopewa
hakiinui hata shingo.
Nataka mto tu. Samaki akikataa chambo,
basi, tutakula mayai.

Juzi tukafika kimji kisicho na duara la penseli.
Nyumba ya mbao, dola mia sita kwa mwezi,
paa linavuja upande wa jikoni.
Mwenyewe, Bi Lindqvist, miaka themanini na miwili,
alikuwa barazani akivua buti za tope.
"Leo nimeishia daraja la pili," alisema,
kama anayeomba radhi.

Orvilla akaikunja ramani.
Hospitali hakuiulizia.
Aliuliza daraja la kwanza liko wapi.